Shajara ya banda la baiskeli, Ifakara: Januari hadi Agosti

Januari 18

Banda letu la vijana kutengenezea baiskeli limeshaezekwa. Lipo njiani kati ya soko na stesheni ya reli ya TAZARA, kwa hiyo anayetoka shamba na mzigo hana budi kupita mbele yetu. Mabati ni ya mtumba, sakafu ni udongo ulioshindiliwa, na meza ya kazi ni mlango wa zamani uliolazwa juu ya matofali. Vijana walioandikishwa ni 12, wasichana wanne na wavulana wanane, wa miaka 14 hadi 17. Saba bado wako sekondari, watakuja jioni na Jumamosi. Watano hawako shuleni: wanne waliishia darasa la saba, mmoja aliacha kidato cha pili. Hao watano ndio watakaofungua banda asubuhi.

Niliweke lengo wazi mapema, maana naulizwa kila nikipita sokoni. Hatuandai mafundi baiskeli. Akitokea fundi, heri. Tunachotaka ni kijana anayefikisha miaka 18 awe ameshapokea kazi ya mtu, akapatana bei, akashika fedha isiyo yake, akagombana na mwenzake kwa ajili ya fedha hiyo na wakamalizana, akaingia ofisini na karatasi zake na kujieleza bila kusukumwa mgongoni.

Kuhusu umri: chini ya miaka 14 hatupokei. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya umri huo, na kuanzia 14 inaruhusu kazi nyepesi tu, isiyomdhuru wala kumharibia masomo. Banda letu si ajira, lakini tumeona tusimame kwenye mstari uleule. Kuchomelea na mashine ya kukatia chuma ni kazi za Babu peke yake. Babu ndiye fundi wetu mkuu, mzee aliyeziba pancha za mji huu tangu mimi nikiwa mtoto.

Na kwa nini baiskeli? Bonde la Kilombero ni tambarare, na lami ya kutoka Kidatu, pamoja na bodaboda na bajaji zote ilizoleta, haijaiondoa baiskeli ya Phoenix njiani. Gunia la mpunga bado linafika kwenye mashine ya kukoboa juu ya keria. Mteja yupo tayari. Kwangu mimi hilo linatangulia mengine yote. Nimeshaona karakana za mafunzo ambako vijana wanaunda viti visivyokaliwa na mtu, muhula ukiisha vinabomolewa ili darasa linalofuata litumie mbao zilezile. Kijana wa miaka 15 hahitaji kuambiwa kwamba hapo anachezeshwa.

Januari 30

Pancha, pancha, pancha. Babu amekataa mtu yeyote asishike gololi kabla hajaziba pancha isiyorudi. Kazi yenyewe kila mtu anadhani anaijua: unatoa tyubu, unaijaza upepo, unaizamisha kwenye beseni la maji, unafuata mapovu. Unakausha, unapiga msasa, unapaka solusheni. Kinachowashinda ni hatua inayofuata, ambayo ni kutofanya chochote. Solusheni lazima iachwe ikauke mpaka ukiigusa isinate kidoleni, ndipo kiraka kiwekwe. Wanakiweka solusheni ingali mbichi, kinateleza, wanarudia. Leo binti mdogo kuliko wote alipaka, akaiweka tyubu kando, akaenda kununua vitumbua, akarudi akaweka kiraka. Babu akasema, "Huyu ameshafuzu." Wengine wakanuna.

Kijana mwingine, mwenye kifua, alihangaika na pedali ya kushoto mpaka spana ikateleza ikamchuna vidole. Babu alikuwa amekaa kwenye kigoda anakunywa chai, anamtazama tu. Kijana alipomaliza matusi yake ya chini kwa chini, Babu akamwambia, "Mjukuu wangu, unaifunga." Hesi ya pedali ya kushoto imekatwa kinyume, ili mtu anapokanyaga isijifungue yenyewe njiani. Nilitamani kumwambia mapema. Babu alinikonyeza ninyamaze.

Februari 15

Sanduku limefika: la bati, kufuli tatu, kama la VICOBA, vile vikundi vya kuweka na kukopa, maana utaratibu tumeutoa huko. Mama zao karibu wote wamo kwenye vikundi hivyo, kwa hiyo hatukuhitaji semina. Wamechagua mwenyekiti, katibu, mweka hazina, wahesabu fedha wawili na washika funguo watatu. Mweka hazina anakaa na sanduku lakini hana ufunguo. Washika funguo hawakai na sanduku. Mimi na Babu hatuna ufunguo wala cheo. Tuna kura moja kila mmoja, basi.

Kwa nini tusitumie simu? Laini inasajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA, mamlaka ya vitambulisho vya taifa, na kitambulisho hicho kinaanzia miaka 18. Fedha ikiingia kwenye simu yangu ni yangu machoni pao, hata nikiapa. Ikiwa sandukuni, wanaihesabu kwa mikono yao mbele ya kikao, noti moja moja.

Kikao cha kwanza kiligota kwenye gawio. Baada ya kuondoa fedha ya vipuri na mfuko wa jamii, kinachobaki kigawanywe sawa kwa wote, au kila mtu kwa kazi yake? Wa asubuhi walisema wao ndio wanaoshinda juani. Wa jioni wakasema, "Kwani sisi tunacheza shuleni?" Zilirushwa kauli ambazo sizirudii hapa. Kilivunjika bila uamuzi.

Februari 22

Uamuzi umepatikana. Msichana wa kidato cha tatu alileta daftari la mistari: kila mtu anaandika saa aliyoingia na aliyotoka, mwenzake anaweka saini, mwisho wa mwezi gawio linafuata saa. Mimi nilitaka mgawo sawa, kwa kuwa naogopa wanaosoma wataanza kukwepa masomo watafute saa. Nilisema hivyo, nikapiga kura, nikashindwa vibaya. Ila wamekubali nyongeza moja: saa za vipindi vya shule hazihesabiwi hata kama mtu alikuwepo bandani.

Machi 8

Mvua. Wazazi wengi wamehamia mashambani, huko mbali na mji, wanalinda mpunga dhidi ya ndege na kupalilia, na watakuwa huko mpaka mavuno. Jambo hili linajulikana kwa kila mwenye kwao bondeni, na halizungumzwi: nyumba nyingi za mjini kwa miezi hii zinaendeshwa na mtoto wa miaka 15 au 16, mwenye wadogo zake wawili watatu na gunia la mchele kwenye kona. Tunasema tunawaandaa kuwa watu wazima, kumbe nusu ya mwaka tayari ni wakuu wa kaya, ila bila mafunzo na bila mtu wa kumuuliza.

Ndiyo maana tumeanzisha wiki ya nyumba. Makundi matatu ya watu wanne. Kila kundi linapewa fedha ya chakula cha mchana cha siku sita, kiasi kilekile, linapanga, linanunua, linapika bandani. Hairuhusiwi kuongezewa hata shilingi.

Kundi la kwanza, wavulana watupu kwa matakwa yao wenyewe, lilipika pilau ya nyama Jumatatu. Pilau nzuri kwa kweli, harufu ilifika stesheni. Jumanne wali na nyama iliyobaki. Jumatano walikuja na dagaa. Alhamisi tulikula ugali na matembele yaliyochumwa uani kwa jirani, Ijumaa ugali na chumvi, na mkaa ulikuwa umeisha kwa hiyo ugali wenyewe ulipikwa kwa vipande vya mbao za banda. Jumamosi hawakutokea mpaka saa nane. Hakuna aliyewasema. Kundi la pili lilinunua mkaa kwanza, kwa gunia dogo badala ya kopo, likauza kopo mbili kwa jirani likapata kitoweo cha perege siku ya mwisho. Hilo la kuuza mkaa sikulitegemea, na kulikuwa na mabishano kama ni halali. Kikao kimesema ni halali.

Wasichana waliomba jambo moja la ziada nje ya chakula, nalo ni usalama wa usiku kwenye nyumba zisizo na mkubwa. Tumeongea na mama wawili wa mtaani ambao hawaendi shamba. Kila msichana ana mlango wa kubisha, na mwenyekiti wa mtaa ana orodha ya nyumba hizo. Yaliyosemwa katika mazungumzo hayo yanabaki humo.

Aprili 12

Kikao na wazazi waliopo, wachache. Baba mmoja alisimama. "Mwalimu, mimi nilimleta mwanangu asome dunia. Nikipita namkuta amechafuka grisi mpaka masikioni. Kuziba pancha ni elimu gani?" Watu wakacheka, na nusu yao walikuwa wanawaza hivyohivyo. Kwa wengi wetu ufundi ni pa kumpeleka aliyefeli.

Nilimjibu kwa historia anayoijua. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere aliandika Elimu ya Kujitegemea, na waliosoma miaka iliyofuata wote wanakumbuka shamba la shule. Wanakumbuka nini hasa? Jembe, umande, na mahindi yaliyoondoka bila wao kujua yameuzwa wapi. Lakini maandishi yenyewe yalitaka wanafunzi washiriki kuamua kilimwe nini na mapato yafanye nini. Huku chini kazi ilibaki, uamuzi ukaondoka, ikawa adhabu. Hata mkondo wa amali, yaani wa masomo ya ufundi, uliomo kwenye Sera ya Elimu na Mafunzo, Toleo la 2023, nauombea heri kwa moyo wote, na nauogopea jambo hilohilo: mashine zitafika, mtaala utafika, na kijana atabaki kuambiwa shika hapa, kata pale.

Baba hakuridhika kwa historia. Aliridhika, nusu nusu, mweka hazina alipomfungulia daftari na kumwonyesha hesabu ya mwezi. Akaisoma mistari yote, kidole kikishuka na ukurasa, akauliza, "Hii solusheni mbona mmenunua mara mbili bei tofauti?" Swali zuri. Katibu ameliandika.

Aprili 26

Hesabu za baiskeli. Tuliweka alama ya chaki kwenye tairi, tukasukuma mpaka alama irudi chini, tukapima kwa futi kamba. Gia ya mbele meno 48, fraiwili ya nyuma meno 20, kwa hiyo pedali ikizunguka mara moja gurudumu linazunguka mara mbili na nne ya kumi. Kundi moja lilipata mita tano na sentimeta 35 kwa mzunguko wa pedali, jingine likapata pungufu, na kila kundi likasema jingine halijui kugawanya. Ugomvi uliisha mtu alipobonyeza tairi la kundi la pili: upepo mdogo. Tairi laini linakaa chini, kwa hiyo kila mzunguko unafika pafupi. Sasa wanawaambia wateja jambo hilo kama wamezaliwa nalo.

Mei 17

Vyeti vya kuzaliwa. Kati ya 12, wenye cheti ni watano tu. Wengine wana kadi ya kliniki, au cheti cha ubatizo, au hawana kitu zaidi ya cheti cha darasa la saba. Kwa mtoto mdogo jambo hili halimgusi. Linamgusa siku anapoomba kitambulisho cha taifa, na bila namba ya NIDA hana laini ya simu kwa jina lake, na safari ya benki inakuwa ndefu. Kwa hiyo tumelichukua kama kazi ya banda. Kila mmoja anakusanya ushahidi wake, anaandika maelezo kwa mkono wake, anakwenda serikali ya mtaa kuomba barua, kisha anaanza maombi kwa RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi.

Kikwazo kikubwa si fedha, ni majina. Binti mmoja kadi ya kliniki ina jina la nyumbani, cheti cha ubatizo kina la dini, shule ikaandika la tatu kwa kuwa mwalimu aliyemwandikisha alisikia hivyo, na jina la ukoo mahali pamoja ni la baba, pengine ni la babu. Hapo inatakiwa kiapo kinachosema kwamba majina yote hayo ni ya mtu mmoja.

Nilimsindikiza kwenye ofisi mojawapo. Karani alimpita kwa macho akaniuliza mimi, "Huyu anataka nini?" Nikamwambia, "Muulize mwenyewe." Kimya kidogo. Binti akaweka karatasi mezani kwa mpangilio, kadi, ubatizo, shule, akasema, "Shikamoo. Naomba kueleza kwa nini majina haya ni matatu." Alikuwa amefanyia mazoezi bandani, mbele ya Babu aliyeigiza karani mkali kupita karani yeyote niliyewahi kumwona. Aliambiwa arudi na shahidi mtu mzima anayemfahamu tangu kuzaliwa. Hakununa. Njiani alikuwa anahesabu ni shangazi yupi atakubali kuacha shamba siku mbili.

Juni 14

Mavuno yameanza, na banda halipumui. Matope ya masika yameingia kwenye vikombe vya magurudumu, grisi imekuwa uji, gololi zimeota kutu. Na mizigo! Gunia la mpunga likikaa kwenye keria, uzito wote unabebwa na gurudumu la nyuma, na spoku zinazokatika ni zile za upande wa fraiwili. Phoenix ina spoku 40 nyuma na 32 mbele kwa sababu hiyo, lakini hata 40 zina mwisho wake.

Mama mmoja muuza samaki alileta gurudumu Jumanne. Kijana yule wa pedali alimfungia spoku mpya, akanyoosha ringi, akachukua fedha. Alhamisi mama karudi, beseni la kambale kichwani, anaburuta baiskeli. "Mwanangu, hii inacheza ngoma." Spoku zilikuwa zimekazwa upande mmoja bila kulegezwa upande wa pili, ringi ikavutwa, ikaanza kugusa breki. Kijana alitaka kusema barabara ni mbovu. Nilimwona akilitafuta neno. Kisha akaangalia daftari la kazi, ambamo aliyepokea kazi huandika jina lake, akasema, "Mama, ni mimi. Acha hapa, nitaileta sokoni kabla ya jua kuzama."

Aliyeirekebisha ni binti wa vitumbua, ambaye kwa sasa kwenye ringi hana mpinzani. Anageuza baiskeli miguu juu, anashika kipande cha chaki karibu na ringi, anazungusha. Palipopinda panajiandika chaki penyewe. Hapo anakaza spoku za upande wa pili robo mzunguko, analegeza za upande huu robo, anazungusha tena. Robo, si zaidi. Wateja wengine bado wanamruka wanamtafuta "fundi" wa kiume, naye ana dawa yake: anamsimamisha mvulana ashike fremu na kukunja uso, yeye anafanya kazi. Mteja anamlipa mvulana, mvulana anampa mweka hazina, saa zinaandikwa kwa wote wawili. Nilimuuliza kama haimuumi. "Inaniuma, mwalimu. Lakini fedha si inaingia?"

Jioni hiyo kikao kiliitishwa cha dharura. Uamuzi: kazi ya gurudumu ina dhamana ya siku saba, ikirudi inatengenezwa bure, na spoku zinatoka kwenye mfuko, si mfukoni kwa aliyekosea. Mabishano yalikuwa hapo mwisho. Mwenyekiti alisema kila mtu akilipia kosa lake hakuna atakayepokea kazi ngumu, wote watarudi kwenye pancha. Mimi nisingelisema vizuri zaidi ya hapo, na sikuombwa.

Julai 26

Gawio la kwanza kubwa. Sanduku lilifunguliwa mbele ya wote, wahesabu fedha wakahesabu, katibu akasoma saa za kila mtu. Hofu yangu ya Februari haikutimia wala haikuondoka: saa za waliomo shuleni zilipanda mwezi wa mitihani, na wawili wameitwa na kikao wajieleze. Mmoja alileta ripoti yake ya shule, nzuri. Mwingine hakuleta kitu, na wenzake wamemwekea kikomo cha saa mpaka ripoti ijayo.

Fedha imeenda wapi? Sikuuliza, wamesema wenyewe. Sare na madaftari, viatu vya mdogo mtu, kuku wanne wa kufuga, simu ya kupokonyana, na kijana wa pedali amelipa deni la dukani lililoachwa na mama yake wakati wa kwenda shamba. Cheti cha binti mwenye majina matatu kimetoka. Shangazi alikuja.

Agosti 9

Banda linatulia. Tunahitaji spoku na gololi za robo inchi kutoka Morogoro kabla bei haijapanda na msimu mpya. Katibu na mweka hazina wanakwenda wao wawili na orodha, na wameahidi risiti kwa kila kitu, pamoja na nauli. Maombi ya kujiunga ni mengi kuliko nafasi.

Limejitokeza jambo ambalo kanuni zetu hazikuligusa. Vijana wawili watatimiza miaka 18 kabla ya Desemba, mmoja wao mwenyekiti mwenyewe. Je, wanatoka bandani? Wanabaki kama mafundi wa kulipwa, juu ya Babu au chini yake? Kura yao inabaki? Fedha yao ya mfuko wanaondoka nayo au ni ya kikundi? Babu anaona waondoke, mji una nafasi ya mabanda mengine matatu. Mimi nina maoni yangu. Kikao ni Jumamosi saa nane mchana, na mwenyekiti ametuambia wazee tukae nje mpaka tutakapoitwa kupiga kura.